Ukuta wa Bwana Anselm

Kwa miaka tisa nimewaacha walimu wenzangu waamini kwamba niliuokoa ukuta wa bwalo usipakwe chokaa. Sikuuokoa. Sasa kifua kinanibana, mganga wa zahanati hanifichi kitu, na Bwana Anselm anastaafu tarehe 31 Desemba 1959, baada ya miaka ishirini na saba katika shule yetu hapa Ulemo. Nilikuwa mkuu wake, hivyo nimeombwa kumwandikia maneno haya ya kumuaga.

Alikuja kijana mwembamba, akafundisha uchoraji. Mwaka 1950 tulimwomba achore mavuno ya uwele kwenye ukuta wa bwalo. Alichanganya udongo mwekundu, masizi na majivu, akatujazia pembetatu, miraba na mistari, bila mtu hata mmoja. Mpishi wetu, Mzee Yeremia, alimuuliza wavunaji wako wapi.

"Wamekwenda kula, baba," akajibu. "Wewe ndiye unayewachelewesha."

Bwalo zima lilicheka. Lakini akina mama waliotuletea uwele walisimama mbele ya ukuta ule, wakaanza kuonyeshana: hapa pamevunwa, hapa bado, ghala ni lile.

Mkaguzi wa elimu alipokuja kutoka Dodoma, nilizungumza naye faraghani. Alipoondoka niliwaambia walimu kwamba alitaka ukuta ufutwe, nami nikamshawishi kuwa ni zana ya hesabu. Ndivyo Bwana Anselm alivyohamishiwa hesabu, na darasa la uchoraji likafungwa. Alinishukuru, akaniletea asali nyumbani.

Hesabu aliifundisha vizuri. Jumamosi aliwachanganyia rangi wanafunzi waliotaka. Leo wawili kati yao, Chrispin na Febronia, wanaonyesha Dar es Salaam picha za maumbo matupu, na watu wanasema Tanganyika imepata mtindo wake. Yeye hakuchora ukuta mwingine.

Bwana Anselm, asante kwa kazi yako na kwa uvumilivu wako. Mungu akupe afya, mvua za kutosha, na kuta nyingi.

Mwaka ule shule haikuwa na mtu wa hesabu. Mkaguzi aliupenda ukuta. Aliuliza kama aliyeuchora angekubali kwenda Uganda kusomea sanaa, serikali imlipie.

Nilimjibu, "Hapa hatuna mchoraji, bwana. Tuna mwalimu wa hesabu."