Ujira wa Siku Moja

Feri ilikuwa haijafika hata katikati ya Ziwa Volta, na tayari Dzifa, mkausha samaki, alikuwa amekwisha kumwita Agbeko, mkusanya akiba wake, mwizi mara tatu.

"Sedi kumi kila siku, siku thelathini, ni mia tatu. Katikati nikachukua mia. Ujira wake ni akiba ya siku moja, sawa, ndiyo desturi. Si zinabaki mia na tisini? Agbeko ananiambia mia na themanini! Na fundi wa jiko hashuki chini ya mia na tisini. Samaki wa Ijumaa nitawakausha kwa pumzi?"

Mwanamke wa pembeni, asiyejuana naye, alikuwa akimenya chungwa. "Ulipochukua ile mia, dada, ukurasa wako kwenye daftari lake ulifungwa. Ukafunguliwa mwingine. Kila ukurasa una ujira wake."

"Kwa hiyo nikikohoa ananikata?"

"Ukikohoa, hapana. Ukichukua, ndiyo."

Dzifa akahesabu kwa vidole, akarudia. Vidole navyo vikamsaliti. "Mbona hakunieleza siku ile?"

"Ungemsikiliza? Si ulikuwa na haraka na mia yako?"

"Wewe mwenzangu, unamtetea kama amekulipa!"

Feri ikagusa ng'ambo. Agbeko mwenyewe alikuwa amesimama pale, mkoba kwapani, akapunga mkono. Dzifa akakunja wake. Yule mwanamke akapunga wake.

"Kumbe unamjua?"

"Ni mume wangu," mwanamke alisema, akijitwisha beseni lake la machungwa. "Hata mimi ananikata."