Sajinimeja Ostlund na Mto Unaopanda

Mheshimiwa mwakilishi wa Gavana, Kapteni Maren Lindqvist na askari wa kombania yetu ya uhandisi, Mchungaji Amdahl, wazazi, wake na waume wa askari, nanyi ndugu zangu mliozifikia chapati za viazi kabla ya sala: karibuni sana.

Mimi meya wenu nimepewa kazi mbili leo. Ya kwanza ni kuwaaga askari wetu, wanaoondoka Jumanne kwenda ng'ambo kwa amri ya Rais. Ya pili ni kumuaga Sajinimeja Dale Ostlund, ambaye umri wake umefika na sheria haimruhusu kwenda nao. Ningeambiwa nichague iliyo nyepesi, ningeenda nyumbani.

Kombania hii ilianza kabla Dakota Kaskazini haijawa jimbo. Wakulima wa mji wetu huu wa Vesterdal walikutana baada ya mavuno, kila mtu na bunduki yake, wakafanya gwaride kwenye shamba la ngano lililokwisha kukatwa. Kapteni walimchagua kwa kura, na wazee wetu walisimulia kwamba muda wa kubishana juu ya kura ulizidi muda wa gwaride. Hakuna aliyewalazimisha. Mpaka leo, ndugu zangu, nani kati ya hawa vijana alilazimishwa?

Askari wa jeshi la kudumu ana mkubwa mmoja wa kumwita. Wa kwetu ana wawili, na aliwaapia wote siku moja, kwa mkono uleule. Mto ukifurika, Gavana anamwita. Vita vikizuka mbali, Rais anamchukua, na hapo Gavana hana la kusema. Siku nyingine zote ni muuguzi, ni mkulima wa viazisukari, au, kama Dale wetu, ni fundi wa mabasi ya shule mwenye grisi mpaka kwenye nyusi.

Wengi wenu mnamkumbuka marehemu Bi Inga Thorsgaard. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, Dale alitumwa kumtoa nyumbani, maji yakiwa yameshafika kwenye ngazi. Bi Inga akafungua mlango, akamtazama kuanzia kofia hadi miguu.

"Wewe si Dale wa mabasi? Vua buti, nimepiga deki."

"Bibi, maji yanaingia!"

"Yakiingia yataingia yenyewe. Wewe vua. Na nani kakutuma, Rais au Gavana?"

"Gavana, bibi."

"Huyo sikumpigia kura. Kaa unywe kahawa."

Akavua. Akanywa. Kisha akambeba bibi mgongoni, soksi zikiwa zimelowa chapachapa, na bibi akimwelekeza njia kana kwamba yeye ndiye jenerali.

Mwaka uliofuata Dale aliitwa na Rais kwenda vitani. Bi Inga alikuja hapa ukumbini na fimbo yake, akamtia mkononi jozi nne za soksi za sufu. "Na huyu naye sikumpigia kura," akasema. "Urudi, mjinga wewe." Kisha akalia mbele ya watu wote, mwanamke ambaye hata mazishini hatukuwahi kumwona akilia.

Sasa nisemeje? Theluji ya mwaka huu mmeiona. Inayeyuka, Mto Mwekundu unapanda, na watu waliozoea kuendesha matingatinga kwenye tuta letu la kuzuia maji ndio hawa wanaopanda basi Jumanne. Wiki nzima wamekuwa wakinijia mmoja mmoja ofisini: "Mama Haugen, nyumba yangu iko bondeni. Mke wangu ana mimba. Nani atauangalia mto?"

Juzi nilimkuta Dale amekaa ndani ya tingatinga lililozimwa, peke yake. Nikamuuliza anafanya nini. "Nakaa tu," akasema. "Nani atawaangalia watoto hawa huko, Karin? Mimi nimekuwa gunia tupu."

Dale, nisikilize vizuri. Watoto hawa uliwafundisha mwenyewe, na Kapteni Lindqvist atawarudisha. Hilo tumemwachia yeye, na Mungu. Lakini kuanzia kesho Gavana hawezi kukuamuru. Rais hawezi. Hata mimi sina uwezo huo, wala sina mshahara wa kukupa. Kwa hiyo nakuomba tu, kama jirani, mbele ya hawa wanaoondoka na roho zao ziko bondeni: utatushikia tuta?

Naona umeshasimama. Kaa kwanza, baba, sijamaliza kushukuru.

Askari wetu, mmemwona. Nendeni. Mliobaki, viroba vya mchanga vinajazwa kesho asubuhi nyuma ya kanisa. Njooni na koleo, na msibishane na Sajinimeja. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na Mungu awarudishe wote.