Nani Atampa Maua Bibi Kuramitsu?

Benchi lililo mbele ya bafu la umma, huku kwetu Onomichi, Japani, linatosha watu watatu. Kila siku saa nane mchana hao watatu wapo, nywele mbichi, kila mmoja na kopo la kahawa ya moto kutoka kwenye mashine ya ukutani. Kwa majina ya utani, Mvuke ndiye mwenye bafu. Redio aliwahi kuuza santuri. Taa ni fundi umeme mstaafu, na siku hiyo alivaa tai. Saa kumi Bibi Kuramitsu, mwigizaji na mwimbaji wa enzi zao, angepanda jukwaa la sinema ya mtaa, miaka hamsini tangu alipokuja kuigiza filamu hapa. Mtu mmoja angemkabidhi maua, na Taa aliyataka maua hayo mpaka chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

— Tai ya nini? Unaoa? — Mvuke alimchokoza.

— Natoa maua. Mimi ndiye niliyemshikia mwavuli.

— Mwavuli! — Redio alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. — Duka letu ndilo lililomfanya mwimbaji. Kabla ya hapo alikuwa analialia tu kwenye filamu.

— Mliuza santuri nne, tatu ukanunua mwenyewe — alisema Mvuke. — Ule mwangwi kwenye wimbo wake unajua umetoka wapi? Humu bafuni, upande wa wanawake. Aliimba yumo majini, mama yangu akimpigia mdundo kwa ndoo.

— Acha kamba!

— Muulize mama.

— Mama yako si amefariki!

— Basi huwezi kubisha.

Redio akashusha sauti.

— Nilikuwa nimeficha. Ule wimbo wa kuachwa, aliyemwacha ni mimi.

— Wewe? Ulikuwa na miaka kumi na mitano, unafagia duka la baba yako!

— Ndiyo maana wimbo ni mfupi.

Taa akaona anaachwa nyuma.

— Mimi aliniomba tuigize wote filamu iliyofuata. Nikamkatalia.

Masikio yalimwaka moto. Ukweli wake ulikuwa mwavuli tu, mchana mmoja, chini ya mvua ya bandia ya filamu, iliyomwagwa kwa mpira wa zimamoto.

Hapo akafika Chigusa, msichana mgeni mtaani, mfanyakazi wa sinema, amekumbatia maua na bango.

— Shikamooni, wazee wangu. Nimeambiwa ninyi ndio mnaomjua. Atakayempa maua atamwita kwa jina kamili kwenye kipaza sauti. Kuramitsu naliweza. Lakini jina la kwanza, herufi hizi mbili za Kijapani hapa bangoni, zinaweza kusomwa Fumiko, na zinaweza pia kusomwa Ayako. Yeye ni yupi?

Mvuke alichungulia ndani ya kopo lake. Redio akainuka kwenda kuongeza kahawa. Mashine ikawasha taa nyekundu, kahawa imeisha.

— Maua yanamfaa Redio — alisema Mvuke. — Si mchumba wake?

— Aah, mwenye bafu kwanza!

— Basi nimuulize mwenyewe — alisema Chigusa.

— Usithubutu! — wakaruka Mvuke na Redio.

Taa akanyoosha tai, akanyoosha mikono.

— Lete, binti. Nitamwita nilivyomwita siku ile.

— Ulimwitaje?

— "Samahani, dada, sogea huku kidogo, unalowa."