Mashine Inauzwa Leo

Benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, umesukumwa hadi kwenye ukuta wa chumba ambamo binti wa Mama Birika hutengeneza masofa. Kila siku wanaume watatu hukaa hapo, migongo ukutani na vikombe mkononi, na mashine ya yule binti hunguruma nyuma yao mpaka wao wenyewe wakaizoea kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake. Siku hiyo mashine ilikuwa kimya. Mama Birika alikuwa ameinama kwenye jiko lake la kahawa, anapuliza makaa kwa hasira ambayo makaa hayakuistahili. Asubuhi ile simu za watu wengi zilikuwa zimeingiwa na ujumbe mmoja, wenye picha ya binti yake: *Mtu wako wa karibu ni mdaiwa sugu na tapeli. Mwambie alipe leo.* Walitumiwa shangazi zake, alitumiwa mwalimu wake wa zamani, alitumiwa mama mzazi. Na hawa watatu pia walitumiwa, ndiyo maana leo waliwahi kufika.

— Mwenzenu nimeaibika, — alianza Bosi. Bosi ni mstaafu wa ofisi ambayo hakuwahi kuwa bosi wake. Jina alilipata kwa kuvaa koti hata jua likiwa utosini. — Niko mezani na mke wangu, simu inalia. Nafungua. Eti mtu wangu wa karibu ni tapeli! Tangu lini mimi nikawa na tapeli wa karibu?

— Mimi pia nimeletewa, — alisema Dawa, mwenye duka la vocha na sabuni ng'ambo ya barabara. Hakuna tatizo ambalo Dawa hana dawa yake, na hakuna mtu aliyewahi kupona.

— Mimi nimeletewa mara mbili, — alisema Wakili, kama mtu aliyepandishwa cheo. Huyu sheria hakuisomea. Aliwahi kushtakiwa mara mbili tu, na zote akashindwa.

Mama Birika alimimina kahawa. Kichwani alikuwa na jambo moja: mashine. Kabla ya alasiri mnunuzi angefika kuichukua. Ni yeye mwenyewe aliyempigia simu, kwa sababu deni halilipwi kwa machozi, na ndani ya kile chumba hakukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Binti alikuwa amekopa kwenye simu ili anunue sponji na kitambaa. Aliomba laki mbili. Ikaingia laki moja na sitini, nyingine wakaikata hukohuko wakaiita gharama, halafu wakataka laki mbili na thelathini baada ya wiki mbili. Hakuwa nazo. Akakopa kwa wengine ili awalipe wale, kisha kwa wengine tena ili awalipe hawa. Sasa deni lilikaribia laki tano, na sponji ilishakwisha zamani.

— Mnajua, dawa yake ni nyepesi, — alisema Dawa. — Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kuna mkopo mpya, alama yake simba. Hawaulizi kitu. Anachukua pale, anaziba hapa.

— Ndivyo alivyofanya, — alisema Mama Birika. — Mara mbili.

— Basi dozi ilikuwa ndogo.

— Dawa, nyamaza unywe.

Bosi alikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kutoa hotuba.

— Tatizo ni vijana wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa hawainami! Wamelala kitandani, wanabonyeza kidole, pesa inaingia. Kucha, kope, nywele za watu wengine. Sisi enzi zetu tulikuwa hatukopi.

— Bosi, — alisema Dawa taratibu, — na ile sabuni ya mwezi uliopita?

— Hiyo si kukopa. Hiyo ni kuaminiana.

— Na mchele?

— Dawa, tunazungumza habari za nchi, wewe unaleta mchele!

Mama Birika aliitazama mikono yake. Binti yake hana kope za bandia. Ana vidole vilivyochomwa na sindano na kifua kinachokohoa vumbi la sofa kuukuu. Alitaka kulisema hilo, akaliacha. Kumtetea mtoto mbele ya Bosi ni kama kumwagia maji kuku aliyekwisha loa.

Wakili alikuwa amesubiri zamu yake. Aliweka kikombe chini.

— Nyie mnahangaika bure. Kisheria, deni hilo liko wapi? Liko ndani ya simu. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, hakuna shahidi. Sasa simu ikifa, deni linaishi wapi? Itumbukizeni kwenye ndoo ya maji.

— Na picha yake iliyoko kwenye simu yako? — aliuliza Mama Birika. — Na yako tuitumbukize?

— Yangu hapana. Yangu ni ushahidi.

— Wakimtumia mtu nyumbani je? — aliuliza Dawa.

— Hapo sasa ndipo wahenga walipomaliza kesi! — Wakili aliinuka nusu, ubao ukayumba, Bosi akamwagikiwa na kahawa kwenye koti. — Kukopa harusi, kulipa matanga. Mmewahi kuifikiria hiyo methali? Kulipa, matanga. Maana yake ukishawekewa matanga, umelipa! Tumtangazie msiba. Tunapanga viti hapa nje, tunatuma ujumbe kwa haohao: mteja wenu ametutoka. Nani anamdai marehemu?

— Na marehemu atakaa wapi? — aliuliza Dawa, ambaye wazo lilikuwa limeanza kumwingia.

— Kwa shangazi yake. Mwaka mmoja tu. Akirudi, anarudi na jina jingine.

— Mimi naweza kuuza maji kwenye huo msiba, — alisema Dawa.

— Upuuzi mtupu, — alisema Bosi akifuta koti. — Dawa yake ni ndoa. Aolewe. Deni la mke linahamia kwa mume, yeye ndiye kichwa.

— Nani atamwoa na picha yake imeandikwa tapeli? — aliuliza Wakili.

Bosi alifikiri.

— Mtu asiye na simu.

Wakacheka wote watatu, Wakili mpaka akapigapiga paja. Mama Birika hakucheka. Aliliweka birika chini kwa kishindo hadi kifuniko kikaruka.

— Mtoto wangu yumo humo ndani, — alisema. — Nyuma ya ukuta mlioegemea. Anawasikia. Hajala tangu jana. Na nyie kwa kikombe kimoja cha kahawa mmeshamzika na kumwoza. Hayo ndiyo mawazo ya watu wazima?

— Tunachangamsha tu, Mama Birika, — alisema Dawa.

— Nani kawaambia nimepoa?

Hapo ndipo mnunuzi alipofika, anasukuma mkokoteni mtupu wenye kamba mpya. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote. Alimwamkia Mama Birika, akawasalimu wazee, kisha akaingia ndani. Walimsikia akiizungusha mashine kwa mkono, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Walisikia pia sauti ya binti akimweleza mahali pa kutia mafuta na uzi inaoupenda, kama mama anayemkabidhi yaya mtoto. Bosi aliinama mbele, mgongo ukaachana na ukuta.

Mnunuzi alitoka anafuta vidole kwa kitambaa. Binti alisimama mlangoni nyuma yake, na kipimo cha ushonaji bado kikiwa shingoni.

— Mama, mashine ni nzima kabisa, — alisema mnunuzi. — Bei yako siigombi. Ila samahani, niulize. Humo ndani nimeona mabaki ya vitambaa, mafungu kwa mafungu. Kahawia, bluu, na ile nyekundu ya maua ambayo si ya bei rahisi. Huyu ana kazi. Mwenye kazi anauzaje mashine? Kwani hawamlipi?

— Wanamlipa, — alisema Mama Birika. — Aliniambia wote wamelipa.

Akamgeukia binti. Binti alikuwa anakitazama kipimo chake.

— Mama, mwache achukue, — alisema.

— Nimekuuliza kitu?

— Hujaniuliza.

— Basi sasa nakuuliza. Ile nyekundu ya maua ni ya nani?

Macho ya binti yaliinuka kidogo, yakafika kwenye koti la Bosi, yakarudi chini upesi kana kwamba yamegusa jiko.

— Na ile bluu?

— Viti vinne vya dukani, — alisema binti kwa sauti ndogo. Dawa alianza kuchunguza kucha zake.

— Kahawia?

— Kiti cha pikipiki. Ya Baba Wakili.

Kila asubuhi Mama Birika amekuwa akiwamiminia kahawa hawa watu, akiwauliza hali ya migongo yao.

— Ulinidanganya kwa nini?

— Nitawadaije, mama? — Sasa binti alikuwa analia, lakini kwa hasira, machozi yanatoka na sauti haitetemeki. — Ni baba zangu. Ni wateja wako. Nikiomba cha kununulia sponji kabla ya kazi, wananiuliza, mwanangu, huniamini? Nifanye nini? Nikakope, ninunue, nishone, nipeleke. Wewe si ndiye uliyenifunza mzee hadaiwi mbele za watu?

— Na nyuma ya watu wanakuambia nini?

— Mwanangu, mwisho wa mwezi.

Bosi ndiye aliyedakia, maana Bosi hawezi kukaa muda mrefu bila hotuba.

— Lakini hilo si siri! Tulielewana. Mimi sijakataa kulipa, nani amesikia nimekataa? Seti yangu ni ya thamani, kwa hiyo nilimwambia kwa heshima zote: mwanangu, nitakulipa mwisho wa mwezi.

— Mwisho wa mwezi upi, mzee? — aliuliza mnunuzi.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Bosi akamtazama Wakili.

— Kisheria, — alisema Wakili, — neno mwezi...

— Upi? — alisema Mama Birika.

Wakili aliangalia mbinguni, mahali ambapo kwa saa hizo mwezi wenyewe haukuwepo. Dawa aliinuka akasema anadhani kuna mteja dukani. Barabara yote ilikuwa wazi machoni pao, na dukani hapakuwa na hata paka.

— Kaa chini, Dawa.

Dawa akakaa.

Mama Birika alipiga hesabu bila karatasi, kama alivyolea watoto bila karatasi. Seti ya Bosi, viti vya Dawa, kiti cha Wakili. Ilipita deni la simu. Ilipita, na chenji ikabaki. Mwanawe alikuwa ameitwa tapeli mbele ya ukoo mzima kwa pesa ambayo imekaa kwenye benchi hili inakunywa kahawa na kumpangia matanga.

Alimwaga maji kwenye makaa, mvuke ukapanda, na kahawa iliyobaki akaimwaga mtaroni mbele ya vikombe vilivyonyooshwa.

— Kaka, — alimwambia mnunuzi, — mkokoteni wako unabeba sofa?

— Sofa? Mama, mimi nimekuja kununua mashine.

— Mashine haiuzwi. Samahani kwa usumbufu. Nataka kukukodi. Nyumba si mbali, na barabara ni tambarare.

Yule bwana alimtazama yeye, akawatazama wazee, akautazama mkokoteni.

— Utanilipa lini?

Mama Birika alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa noti za mauzo ya asubuhi, akamhesabia kwenye kiganja, moja juu ya nyingine, kwa sauti, ili kila mwenye masikio asikie.

— Sasa hivi, — alisema. Kisha akamgeukia binti. — Futa uso, shika kamba. Na wewe kesi yako haijaisha. Tukishawalipa hao wa simu, utaniita nikuone ukiifuta hiyo mikopo kwenye simu, mmoja mmoja. Kuanzia leo, sponji inanunuliwa na mwenye sofa.

— Ndiyo, mama.

— Hata akiwa baba yako.

— Ndiyo.

— Nyie wawili, — aliwaambia Dawa na Wakili, — tukitoka kwa Bosi tunapita dukani, halafu tunakuja kwenye pikipiki. Atakayekuwa na pesa mkononi atabaki na kiti chake. Asiyekuwa nayo atakaa kama mnavyokaa hapa, juu ya ubao.

Dawa alianza kupapasa mifuko. Wakili alikuwa ameshakumbuka kwamba pikipiki ameiegesha mbali. Mkokoteni ulikuwa tayari unavuka barabara, binti mbele na kamba begani, mnunuzi nyuma anasukuma, Mama Birika kando yao na leso aliyoifunga kiunoni. Bosi aliwakimbilia, koti linapepea.

— Mama Birika! Subiri kwanza! Mama, si leo, nakuomba, tusivunjiane heshima! Nina wageni! Wakwe wa mwanangu wamekuja, wamekaa juu ya hilo sofa sasa hivi!

Mama Birika hakugeuka.

— Watasimama, — alisema.