Leonidas Ntandu, Aliyesema Unyayo Ule ni Wake

Wasifu wa marehemu Leonidas Ntandu Hango, 1931 hadi 1984. Umeandikwa na kusomwa na dada yake, Marietha Ntandu, kijijini Kazamoyo, Alhamisi tarehe 13 Septemba 1984.

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, poleni kwa msiba. Nimepewa kazi hii kwa sababu katika watoto wa Mzee Ntandu nimebaki mimi peke yangu, na kwa sababu darasa langu la nne la zamani bado linasoma bila miwani. Nitasema ninayoyajua. Nisiyoyajua sitayasema.

Marehemu alizaliwa Mungaa tarehe 3 Machi 1931, wakati wa palizi ya uwele, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Ntandu Hango na Mama Anastasia. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama alipomaliza siku zake za ndani alinifunga yule mtoto mgongoni, na nilimbeba mpaka miguu yake ikawa inanipiga magotini. Alipokuwa na miaka sita alijikata na jembe kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, kikaondoka kabisa. Nilichana kaniki yangu nikamfunga. Hakulia. Aliniuliza tu kama kidole kitaota tena, nikamwambia kitaota, na alinidai kidole hicho mpaka alipopata akili.

Shule aliianza mwaka 1943 kwa wamisionari, akafika darasa la tatu. Mwaka 1946 hofu ya watu-simba ikashika nchi yetu. Vijana mnaosikiliza hapa mnaweza kucheka, lakini sisi tulikuwa tunafunga milango jua likiwa bado juu. Ilisemwa wako watu wanaofugwa gizani, wanavishwa ngozi ya simba, halafu mwenye kuwafuga anawatuma wakaue. Kwa Kinyaturu tuliwaita mbojo, na jina hilo halikutajwa kwa sauti. Wazazi wakakataza njia ya shule, na masomo ya marehemu yakaishia hapo. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzee wake.

Lakini Baba alimpa shule nyingine, ya kutafuta ng'ombe waliopotea. Alimfundisha kuvua viatu ili mguu usikie ardhi, na kutembea kando ya nyayo anazozifuata bila kuzikanyaga, ili akipotea aweze kurudi azitazame upya. Kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote wa rika lake.

Mwaka 1950 alikwenda Itigi akaandikwa katika genge la reli, kazi ya kubeba mataruma, akakaa miaka saba. Mtani wetu Samweli, aliyekuwa naye huko, amenikumbusha jana kisa kimoja. Wenzao walikataa kwenda kuteka maji kwa kuwa wameona mburuzo mrefu umeingia kichakani, wakasema ni zimwi lenye mguu mmoja. Leonidas akavua viatu, akaufuata. Saa sita mchana akarudi na mzee mmoja mrina asali aliyekuwa anaburuza gogo la mzinga, na debe limejaa maji. Akawaambia, "Zimwi lenu hili hapa. Linauliza nani ana kikombe." Samweli anasema yeye alikuwa wa kwanza kuleta kikombe, na wa kwanza kukimbia pia.

Alirudi Mungaa mwaka 1957 akalima na kufuga, na kuanzia 1962 akawa mtunza josho. Jumamosi tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na Theresia, binti wa Mzee Laurenti wa Ilongero. Mungu akawapa watoto sita. Theresia hakuwa mke wa kunyamaza, na ndugu yangu alimpendea hilo.

Sasa nifike mwaka 1974, tulipohamishwa wote tukaletwa hapa Kazamoyo katika kijiji cha ujamaa. Mnakumbuka tulivyokuwa tunaishi zamani, kila tembe na mashamba yake, jirani unamsikia kwa kelele za ng'ombe tu. Hapa tukapangwa kwa mistari, mlango kwa mlango. Marehemu alichaguliwa balozi wa nyumba kumi za mstari wetu. Kiwanja kimoja kikakosa mtu, kile cha kando ya Bibi Ziada. Bibi Ziada alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mwantum. Mumewe alikuwa mchuuzi wa ngozi wa Singida mjini, na nyumbani kwa Bibi Ziada bado palikuwa na ngozi zimekunjwa darini. Watu wakasema, mwanamke mwenye ngozi nyingi hivyo anamvisha nani?

Balozi akakichukua kiwanja kile yeye. Nikamfuata mkewe nikamwambia, "Wifi, mtaliwa." Theresia akanijibu, "Wifi, mtu akinitazama nilivyokonda akaona nyama, huyo ana njaa ya kweli, apewe."

Mwezi Mei 1975 Mzee Gaspari alimpoteza mkewe. Mama huyo alitoka alfajiri kwenda shambani, akakutwa ameuawa na simba. Tulimzika kwa hofu. Maneno yakaanza kuwa simba yule katumwa.

Alhamisi tarehe 12 Juni asubuhi, niliamka nikakuta zizi langu limevunjwa na mbuzi wawili hawapo. Penye vumbi paliandikwa nyayo za simba. Kando yake, hatua kwa hatua, palikuwa na nyayo za mtu, pekupeku. Katika baridi ile, na mbigili zetu hizi, nani asiyevaa katambuga zake za tairi? Nikazifuata kwa macho kurudi nyuma, nikaona zimeanzia upande wa kwa Bibi Ziada. Sikuwaza mara mbili. Nikapiga yowe. Nikafunika unyayo mmoja kwa ungo ili usifutike, na watu walipofika ni mimi niliyeufunua nikasema, "Tazameni. Mbojo na mchungaji wake."

Ndugu zangu, unyayo ule ulikuwa na vidole vinne. Nilidhani vumbi limekula kimoja.

Wakamtoa Bibi Ziada ndani, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya ghala la kijiji. Wengine walishika marungu, wengine mawe, na waliokuwa wanazuia walikuwa wanazidi kupungua. Nami nilisimama pale. Sikushika jiwe, lakini wote walikuwa wanamtazama yule mama kwa sababu ya yowe langu.

Saa tisa alasiri marehemu akatokea kwenye njia ya Ikungi, amejaa vumbi mpaka nyusi. Alikuwa ameamka kabla yetu sote. Aliona zizi langu limevunjwa, akafuata nyayo mpaka vichakani, kisha akakata njia kwenda kumtafuta bwana nyama wa serikali, mwenye bunduki. Hakumkuta, akaacha ujumbe.

Akauliza, "Mama huyu kafanya nini?"

Mzee Gaspari akamjibu, "Balozi, usijifanye mgeni. Nyayo zimeonekana. Alikuwa anamwongoza."

"Nani kaziona?"

Watu wakanigeukia mimi. Nikampeleka kwenye ungo. Aliufunua, akainama. Halafu akanitazama, na mtazamo ule ninao mpaka leo. Hakuwa na hasira. Akavua katambuga za kulia na kushoto, akaweka mguu wake wa kulia juu ya unyayo ule. Ukakaa kama chungu kwenye mafiga yake.

"Unyayo huu ni wangu," akasema. "Nilikuwa namfuata simba. Kama kuna mtu hapa wa kufungwa, ni mimi."

Mtu mmoja akasema kwa nyuma, "Basi mbojo ni yeye!" Na Mzee Gaspari akasema, "Mke wangu yuko udongoni, Leonidas. Usinichezee. Ni wewe?"

Marehemu akamjibu, "Shikamoo, Mzee Gaspari. Tangu asubuhi hatujasalimiana. Nifungie humo ghalani, na huyu mama pia kama mnaogopa, lakini kamba mfungue. Ufunguo kaa nao wewe. Simba akija nikiwa ndani, utajua. Asipokuja tena, utanifanya utakavyo."

Alijua kuwa simba anaweza kuhama siku ile ile asirudi kamwe. Sisi sote tulijua. Mzee Gaspari akamfungua Bibi Ziada kamba kwa mkono wake, akawaingiza wote wawili, akafunga, akauweka ufunguo shingoni.

Theresia alikuwa na mimba ya miezi saba. Alileta uji mara mbili kwa siku akiwaambia walinzi waliowekwa mlangoni, "Muangalieni simba wenu, anakunywa uji wa uwele na anaomba sukari." Mimi nilikaa nyumbani. Kidole kile nilikifunga mimi kwa kaniki yangu mwenyewe, na hofu ilinifanya nisiujue mguu wa ndugu yangu.

Jumamosi alfajiri simba akarudi. Alichukua ndama, na ndama yule alikuwa wa Mzee Gaspari. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Akaja ghalani, hajanawa uso, akafungua mlango, akasimama mbele ya Bibi Ziada, yeye mzee mwenzake, akasema, "Mama, shikamoo."

Bibi Ziada akasema, "Marahaba. Nina kiu." Kisha akamwambia, "Na ufunguo wako una kutu, utie mafuta."

Jumapili bwana nyama akaja. Marehemu akavua viatu akamtangulia, na kabla ya saa nne simba yule alikuwa amelala chini kwa risasi. Alikuwa dume zee, meno yamelika, na miiba ya nungunungu imezama kwenye taya lake. Asingeweza kukamata swala. Watu walimgeuza huku na huku wakitafuta mshono wa ngozi, hawakuuona.

Mwezi Agosti Theresia akajifungua, na mikono iliyompokea mtoto ilikuwa ya Bibi Ziada. Bibi Ziada alifariki mwaka 1981, kitandani kwake, kwa uzee.

Marehemu hakumtania mtu kwa habari ile, wala hakunikumbusha hata mara moja. Hakuwakataza watoto hadithi za mazimwi. Alizitunga mwenyewe, na zimwi lake lilikuwa na matumbo saba na linaogopa kuku. Lakini mtoto akilipatia zimwi jina la mtu wa kijijini, hadithi ilikuwa imekwisha, watu wakalale. Alisema zimwi likae hadithini, kwa sababu likishapewa mlango na jina, watakaoliwa ni watu wa kweli.

Maradhi yalimwanza Novemba mwaka jana, uvimbe kooni. Alipelekwa hospitali ya misheni, wakamhudumia vizuri, tunawashukuru. Walipotuambia dawa zimefika mwisho aliomba arudishwe Kazamoyo. Mwantum binti Ziada alikuja na mkeka wake, akasaidiana na Theresia kumgeuza na kumwosha kwa miezi miwili. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Septemba, saa moja asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu, ng'ombe wakiwa wanatoka zizini.

Ameacha mjane Theresia, watoto sita, ambao ni Manase, Anastazia, Paulo, Laurenti, Monika na Ziada, na wajukuu wanne. Ameacha Mwantum na watoto wake watano, ambao leo wamekaa kwenye mkeka wa wafiwa. Ni Mzee Gaspari aliyewaambia wakae pale. Ameniacha na mimi.

Nikiulizwa ndugu yangu aliniachia nini, sitataja shamba. Siku ile ya Juni nilikuwa nakaribia kuwa mtu aliyesababisha kifo cha mama asiye na kosa. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua unyayo ni wa nani. Hakunyamaza. Nimeishi miaka tisa tangu siku ile nikipeana mikono na watu, nikimega chakula, nikibeba wajukuu, na mikono yangu haina damu ya mtu. Hii mikono mnayoiona imeshika karatasi hii ni yeye aliyeniachia hivyo.

Asante, Leonidas. Mungu akupe pumziko la amani, mdogo wangu.