Mama Mapovu Aliyeuliza Mji Unafua Lini

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni na bomba liko wazi, hebu lifunge kidogo. Sikiliza maji yanavyoteremka chini ya sinki. Yanagugumia, yananyamaza, na wewe unayasahau. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuyasahau. Alikuwa mhandisi mkuu wa kituo cha kusafisha majitaka cha mji wetu. Watu walimwita Mama Mapovu. Wiki iliyopita alitutoka, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Mama Mapovu. Jina alipewa kwa utani, naye akalivaa kama nguo mpya.

Kituo chake kiko nyuma ya nyumba za mwisho, pale lami inapoishia. Majitaka ya mji wote huingia humo, kwenye mabirika mawili mapana ya zege. Ndani ya mabirika wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kula uchafu. Lakini vijidudu, kama wewe na mimi, hawali bila kupumua. Kwa hiyo kuna mashine kubwa zinazopuliza hewa chini ya maji, mchana na usiku. Na mashine hizo, wasikilizaji wapendwa, zinakula umeme kuliko kitu kingine chochote kituoni.

Mama Mapovu alipokabidhiwa kituo, alizikuta mashine zote zikinguruma kwa nguvu zote. Akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba ndivyo zilivyokutwa. Wakati huo bili ya umeme ilikuwa imeushinda mji. Mkurugenzi wa maji alimwita ofisini, akamwambia bila kuzunguka. Bili isiposhuka kabla ya mvua, mashine zitawashwa nusu siku tu. Nusu nyingine, lango la pembeni litafunguliwa, na majitaka yataingia mtoni kama yalivyo. Mtoni, ambako watoto huogelea. Mtoni, ambako wakulima wa mboga huchota maji ya kumwagilia.

Siku hiyo Mama Mapovu alirudi nyumbani na swali. Mumewe ni fundi cherehani. Anakumbuka hivi: "Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, baba watoto, ukimshonea mtoto mchanga, unakata kitambaa cha mtu mzima? Nikamwambia labda siku nikirukwa na akili. Akasema, basi sisi kule tumerukwa na akili miaka yote. Tunakata hewa ya mtu mzima kila saa, hata mji ukiwa umelala."

Alianza kwa kukausha birika moja. Alivaa mabuti marefu, akashuka chini mwenyewe pamoja na fundi mitambo, mzee mmoja mwenye maneno machache. Chini kabisa kuna sahani za mpira zenye vitundu vidogo, ambamo hewa hupita. Nyingi zilikuwa zimeziba, nyingine zimechanika. Hewa ilikuwa ikipanda kwa mapovu makubwa kama vichwa vya watu na kupotelea juu, haijamnufaisha kijidudu hata mmoja. Yeye alitaka mapovu madogo, kama ya soda. Wakasugua, wakabadilisha, wakaziba mabomba yaliyokuwa yakivuja. Birika lilipojazwa tena, alisimama ukingoni akiyachekea yale mapovu madogo kama mama anayemtazama mtoto akinyonya. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Bili ikashuka, lakini haikutosha. Hatua iliyobaki ilikuwa kupunguza hewa yenyewe, saa ambazo uchafu ni mchache. Fundi mitambo akasita. Alimwambia kwamba hewa ikizidi kupungua, maji yataoza, mtaa utanuka, na wao wawili ndio watakaooga lawama.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Mama Mapovu hakuweza kunusa. Homa ya ujanani ilimwachia pua ya pambo. Angeweza kusimama juu ya uvundo akala chungwa.

Kwa hiyo aliazima pua ya mama mkwe wake. Bibi huyo anaishi nyumba ya pili kutoka kwenye ukuta wa kituo, na mtaa mzima unamjua. Chungu kikianza kuungua kwa jirani, yeye ndiye anayebisha hodi. Wakapatana. Harufu ikibadilika, bibi alete habari langoni, na hewa iongezwe papo hapo. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba mkamwana wake aache kusifia mchuzi asiousikia harufu.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka ikafika Jumapili.

Mama Mapovu alikuwa amepiga hesabu kwamba Jumapili ofisi zimefungwa, viwanda vimefungwa, basi uchafu utakuwa mdogo. Akaacha mashine moja tu. Asubuhi alipima maji kwa kipimo cha mkononi, yakawa mazuri. Alasiri alikuwa akitembea ukingoni bila wasiwasi, maji yakianza kuoza chini ya miguu yake. Akamwona mama mkwe akija langoni na shuka bichi begani.

Bibi hakupiga kelele. Alimwambia, "Mwanangu, mtaa mzima umeanua nguo mbichi kwa sababu ya uvundo. Leo ni siku ya kufua. Watu wote wako nyumbani, wanafua, wanaoga, wanasugua sakafu. Wewe hukulijua hilo?"

Hakulijua. Jumapili zake zote alikuwa kazini. Nguo zake alifuliwa na bibi huyohuyo.

Fundi mitambo alikuwa na haki ya kusema nilikwambia. Lakini alikwishakimbilia kuwasha mashine ya pili.

Kesho yake mkurugenzi alikuja na hasira. Alitaka mashine zirudi zilivyokuwa, na lango la mtoni litayarishwe. Mama Mapovu alimjibu mbele ya wote. "Kosa ni langu, mheshimiwa. Lakini kosa si kupunguza hewa. Kosa ni kupunguza bila kuwajua watu. Nipe nafasi hadi mvua, kama ulivyoahidi." Mkurugenzi alimwambia mvua haiko mbali, akaondoka.

Jioni hiyo alikuwa tayari kukata tamaa. Mama mkwe akamwambia, "Maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mhandisi mzima, anabisha hodi na kuuliza: mnaoga saa ngapi? Mnafua siku gani? Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwanamume mmoja alimwuliza kama serikali sasa inataka kujua hata siku yake ya kuoga. Akamjibu, "Kama unayo siku, baba, nitashukuru kuijua." Mkewe ndiye aliyecheka zaidi.

Nyumba kwa nyumba, akaujifunza mji. Hewa ikawa inafuata maisha ya watu. Alfajiri, watu wakioga, inapanda. Mchana, nyumba zikiwa tupu, inashuka. Jumapili, siku ya kufua, mashine zote zinafanya kazi. Mvua ilipoanza, bili ilikuwa imeshuka karibu nusu. Narudia, wasikilizaji wapendwa: karibu nusu. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, akasimama kando ya birika, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu. Lango la mtoni halikufunguliwa. Halijafunguliwa mpaka leo. Kufuli lake limeshika kutu.

Siku ya mazishi, fundi mitambo aliomba abaki zamu. Anasimulia kwamba asubuhi ile maji yaliingia machache kuliko siku yoyote anayoikumbuka. Alidhani bomba kuu limeziba. "Kisha nikaelewa," anasema. "Hakuna aliyekuwa akifua. Mji mzima ulikuwa makaburini. Nikapunguza hewa. Nisingepunguza, angenigombeza." Alasiri watu walirudi majumbani, wakanawa vumbi la makaburini miguuni. Maji yakaja kwa wingi. Fundi akaongeza hewa, akakaa chini, akalia.

Mama mkwe yu hai, na bado ananusa. Anasema: "Husemwa kwamba mkamwana na mama mkwe hawapikiki chungu kimoja. Sisi tulitumia pua moja."

Kwako bibi, kwa baba fundi cherehani, kwa watoto, na kwa mafundi wote wa kituo: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani anayebeba kile tunachokimwaga na kukisahau? Na sisi, katika kazi zetu, ni mlango wa nani ambao hatujaubishia hodi?

Haya, fungua bomba lako sasa. Maji hayo, huko yanakokwenda, yanasubiriwa.