Mzee wa Swichibodi na Simu ya Dakika Tatu

Ndugu waombolezaji, mliokuja kwa mapenzi, mliokuja kwa wajibu, na nyinyi wachache mliodhani ni msiba wa nyumba ya pili mkaona haya kuondoka: inatangazwa rasmi kwamba Opereta Namba Saba, mtumishi wa mawasiliano kwa miaka thelathini na sita, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wanne, mtu ambaye sauti yake ilijulikana na mji mzima na sura yake ikajulikana na wachache, amemaliza zamu. Hapatikani. Wanaotaka maelezo kutoka kwake wakae foleni, na wa kwanza kwenye foleni ni mke wake, aliyeketi hapo mbele. Mama, jibu lako lipo. Limewekwa mwisho kabisa, kama ulivyoagiza.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 1944, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mshona nguo. Bibi yetu, ambaye hakuwa mtu wa kupunguza chumvi, alisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Aliwatazama waliokuwemo chumbani mmoja mmoja, kama anayesubiri wamalize kuongea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1953 na kumaliza darasa la nane mwaka 1960. Katika hesabu alikuwa wa kawaida, katika mpira alikuwa balaa kwa timu yake mwenyewe. Kipaji chake kilionekana nyumbani, alipotoboa makopo mawili ya maziwa, akayaunganisha kwa uzi na kumkabidhi mdogo wake wa kike kopo moja. Shangazi yetu yupo hapa leo, ana miaka sabini na sita, na bado ana kinyongo. Anasema kaka yake alikuwa anasikiliza tu. Ikifika zamu ya yeye kusikiliza, kopo lilikuwa kimya, na upande wa pili wa ukuta kaka amekaa na lake sikioni, ametulia, anangoja.

Tarehe 1 Julai 1963 aliajiriwa kuwa opereta mwanafunzi katika jengo la simu. Wazee wenzake wanakikumbuka chumba kile: ghorofa ya pili, sakafu iliyosuguliwa kwa dawa nyekundu mpaka viatu vinateleza, madirisha yasiyofunguliwa kwa kuogopa vumbi, na ukuta mzima wa matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Ndiyo swichibodi. Opereta aliketi kwenye kigoda kirefu, visikilizio masikioni, mbele yake nyaya mbili mbili zenye plagi: mmoja wa anayepiga, mmoja wa anayepigiwa. Akichomeka zote mbili, watu wanaongea. Akichomoa, wamekwisha.

Sheria zilibandikwa ukutani, na marehemu alizishika kuliko waliozibandika. Usiongee na ndugu yako kwenye laini. Usitoe nje ulichosikia ndani. Na ya tatu: kwa kuwa laini ya mbali ilikuwa moja tu, kukiwa na watu wanangoja, kila simu ni dakika tatu, na opereta atoe onyo kwa mdomo zikibaki sekunde thelathini.

Sheria ya pili ilimfanya awe mgeni wa ajabu kwenye sherehe. Alijua nani anaumwa, nani ameachwa, nani anasingizia safari. Alikaa harusini na uso wa mtu aliyekwisha kuiona tamthilia hiyo hadi mwisho, akila wali wake polepole. Wambea wa mji walimzunguka miaka yote kama nzi kwenye bucha lililofungwa. Hawakuambulia kitu.

Mke wake alimpata kazini, kwa sauti. Binti huyo alikuwa karani wa stoo ya dawa katika zahanati, na kila Jumatatu asubuhi aliomba kuunganishwa na bohari kuu. Opereta Namba Saba, ambaye hakuwahi kukosea namba ya mtu mwingine, alikuwa akimpeleka gereji. Binti anakata, anapiga tena. Anapelekwa kiwanda cha sabuni. Anapiga tena. Walipokutana ana kwa ana kwenye duka la vitambaa, marehemu alimjua kwa kikohozi kabla hajageuka.

"Dada, kile kikohozi hakijapona?"

"Wewe nani?"

"Namba Saba."

"Kumbe ni wewe! Miezi mitano nimewasalimia mafundi wa gereji mpaka wananijua jina!"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1968. Mungu akawajalia mtoto wa kiume mwaka 1969, mabinti wawili baadaye, na kitinda mimba aliyeandika wasifu huu na anayeusoma. Yule wa kwanza tulimwita Redio, kwa sababu alikuwa anaongea hata akiwa amelala. Ndani ya nyumba ya bubu wa serikali kulizaliwa mtu asiyefunga mdomo, na baba yake alimpenda kwa namna ya kutisha. Akirudi kazini alivua viatu, akakaa, akasema, "Haya, Redio." Na Redio akaanza.

Mwaka 1989 Redio alipata kazi katika kampuni ya kuchimba visima, safari ya siku mbili kutoka nyumbani. Alhamisi, tarehe 20 Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi, alipiga simu kutoka ofisi ya kambi. Mama ameyasimulia mazungumzo hayo mara nyingi kiasi kwamba sote tunayajua kwa moyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Huko hawajambo?"

"Hawajambo. Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini, na sauti yenyewe imekonda hivyo?"

"Mama, nakula. Bibi hajambo?"

"Hajambo, miguu tu. Na dada zako wanakusalimu. Na jirani. Blanketi ulilipata?"

"Nililipata. Mama..."

"Usimwazime mtu blanketi hilo. Na kile kifua?"

"Kilipona. Mama, sikiliza, kuna jambo nataka nikwambie kabla..."

Simu ikakatika.

Jumapili, tarehe 23 Julai, gari la kubeba mabomba lilipinduka na Redio akafariki. Hakuna aliyewahi kujua lile jambo. Hakuna barua, hakuna rafiki wa kambini aliyeambiwa, hakuna kilichokutwa kwenye begi zaidi ya nguo na blanketi. Mama alibaki na neno moja, "kabla", na miaka thelathini na mitano ya kuliuliza. Kabla ya nini?

Katika wiki ile ya msiba, mezani, mbele yetu sote, Mama alisema, "Huyo opereta aliyemkata mwanangu bila hata kumwonya, mkono wake ukauke." Marehemu alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini, akakiokota tena kwa mkono wa kushoto, akaendelea. Tangu siku ile alikula kwa kushoto, na aliyemuuliza aliambiwa bega linasumbua. Mama alirudia maneno yale kila mwezi wa saba ulipofika. Mume wake alimsogezea maji.

Yapo mambo mengine ambayo familia iliyaona na kuyaita uzee, ingawa alikuwa na miaka arobaini na minne tu. Hakuwahi tena kukata simu. Ukiongea naye ulikata wewe. Ukisahau, alibaki hapo. Mama mmoja aliyekosea namba mwaka 1996, akitafuta fundi wa majokofu, aliulizwa habari za watoto, za kazi, za mgongo, na kwa kuwa yeye naye alikuwa na adabu ya kutokata, wakafikia kualikana. Tunamwita Shangazi wa Majokofu. Yupo pale nyuma, kilemba cha bluu. Zilipokuja simu za mkononi, marehemu alikikodolea macho kitufe chekundu kama nyoka. Betri ndiyo iliyomwokoa.

Mashine zilipochukua kazi ya swichibodi mwaka 1994, alihamishiwa dawati la malalamiko, mahali pa mtu asiyejibu, na alistaafu tarehe 30 Juni 1999 akiwa na cheti, saa ya ukutani na hotuba ya meneja aliyekosea jina lake. Laini ya nyumbani ilikufa mwaka 2011. Alikataa simu ile ya mezani kutolewa. Kila asubuhi saa nne na dakika kumi aliinua mkono wa simu, akausikiliza muda wa kutosha kuchemsha chai, akaurudisha. Mama akiwa jikoni aliuliza, "Unasikiliza nini, baba watoto, na hiyo imekufa?" Alijibu, "Hakuna kitu." Na ilikuwa kweli. Sisi wengine tulijaribu kwa zamu yetu, kwa utani, tukaweka sikio pale. Kimya cha simu iliyokufa si kama kimya cha chumba. Kina kina, kama kisima. Hatukujaribu tena.

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025, marehemu alipata kiharusi, akalazwa hospitali. Upande wa kulia ulikwenda wote. Daktari alitueleza kuhusu presha na mishipa. Marehemu aliutazama mkono wake juu ya shuka, akasema kwa mdomo uliopinda, "Mama yako ana ulimi." Tulicheka, tukidhani anatania. Mwezi wa pili, akijua haendi popote, aliagiza wasifu huu uandikwe akiwa hai ili aukague, na kwenye aya ya kazi akamwambia mwandishi: "Weka hili. Siku ile laini ya mbali nilikuwa nayo mimi."

Alikuwa na watu sita wanangoja. Ombi lilikuja kupitia opereta wa upande wa kambi, naye akawaunganisha mke wake na mwanawe kwa mikono yake bila kutamka neno, akawasikia wakisalimiana. Zilipobaki sekunde thelathini alitakiwa atoe onyo. Hakutoa. Alijua wangeitambua sauti yake, wangesema baba tuongezee, na alijijua kwamba angeongeza. Basi alinyamaza, akaacha sekunde zitimie, akachomoa waya wa mkewe. Kwa mkono wa kulia.

Mama alisomewa aya hiyo siku hiyohiyo, kwenye kochi la sebuleni. Alisema neno moja tu: "Mkono." Kisha hakusema kitu siku mbili, na mtu anayemjua Mama anaelewa hiyo ni hali ya hatari. Kila siku alikwenda wodini kama kawaida, akamfuta mumewe uso, akamnywesha uji, akamkanda ule mkono kuanzia begani hadi kwenye kucha, muda mrefu, bila kumtazama. Siku ya tatu alimwita mwandishi.

"Dakika tatu nzima nilikuwa naulizia blanketi," alisema. "Yeye alikata, lakini muda niliumaliza mimi. Miaka yote hii nimemlaani mtu ili nisijilaani."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nyamaza. Sikiliza. Yeye alivaa vile visikilizio. Alichomoa waya wangu mimi. Waya wa mtoto ulikuwa bado umechomekwa, au sivyo? Basi mtoto aliendelea kuongea, na baba yake alimsikia. Kamuulize alisema nini."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nikimuuliza mimi atanipeleka gereji. Kamuulize wewe. Na akikujibu, usije kuniambia hapa nyumbani nikiwa peke yangu. Utanisomea siku ile, mwisho, nikiwa nimezungukwa na watu wa kunishika."

Basi, ndugu mliokaa karibu na Mama, sogeeni.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi na dakika zake, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia. Alikuwa na miaka themanini. Ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada mmoja mwenye kinyongo cha kopo, Shangazi wa Majokofu, na simu ya mezani ambayo hakuna aliyejitolea kuichukua. Alitanguliwa na mwanawe wa kwanza. Mungu amlaze mahali palipo na utulivu wa kweli, usio wa waya, na ampe Redio nafasi ya kuongea naye bila mtu wa kutazama saa.

Jumapili, tarehe 9 Machi, saa kumi alasiri, wakati wa kuona wagonjwa, aliulizwa. Dirisha lilikuwa wazi, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anapokea matunda, na marehemu alikuwa na akili zake zote.

"Baba, Mama anauliza. Ulipochomoa waya wake, mtoto alibaki kwenye laini, na wewe ulikuwa unamsikia. Baada ya lile 'kabla', alisema nini?"

Tuliomzunguka tulishika vyuma vya kitanda.

"Alisema haloo."